Mhariri, dizeli sio dizeli tu: kwanza muulizeni mtu moto wake unawakia wapi

Ndugu Mhariri,

Salamu sana. Mi sio mtu wa kuandika barua magazetini, safu yenu ya ufundi naisoma miaka na miaka nikiwa nimenyamaza zangu, ila ile ya wiki iliyopita imenishinda. Msomaji mmoja kauliza, trekta lake la zamani la dizeli asubuhi linasumbua kuwaka, linatoa moshi mweupe kama kuni mbichi, likishapata moto linatulia na kazi linapiga. Mwandishi wenu kamjibu mistari mitatu tu: badilisha nozeli (kile kipulizio cha mafuta), ongeza presha, ikigoma pulizia spreya ya etha, ile dawa inayoshika moto upesi, kwenye hewa. Basi, yamekwisha. Hata hakumuuliza ni injini gani!

Sasa huyo ni sawa na daktari anayeandika dawa bila kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Na hiyo spreya nitairudia baadae kwa sababu kuna mtu inaweza kumtoa vidole.

Shida ni kwamba watu wengi, na mafundi wengine vijana humo humo, wanaona dizeli za zamani zote ni kitu kimoja: pampu inasukuma, nozeli inapuliza, hewa iliyobanwa ikawa na joto la kupita digrii 500, mafuta yanawaka yenyewe, pistoni inashuka. Ni kweli lakini ni nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni yale mafuta yanapulizwa WAPI. Yanapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, au yanapulizwa kwenye kachumba kadogo ndani ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, halafu moto ndio unatoka mle kwenda kwa pistoni? Hapo ndipo injini zinapoachana, na kila kitu kinafuata hapo, aina ya nozeli, presha yake, inawakaje asubuhi, inakunywa kiasi gani, pistoni ina shimo la namna gani, mpaka sauti yake. Kila shetani na mbuyu wake.

Tuanze na za kachumba maana ndizo zilizotangulia kuingia shambani. Zamani zile pampu na nozeli zilikuwa hazina nguvu ya kuyasaga mafuta yakawa kama ukungu, kwa hiyo wale wazee wakasema, kama pampu haiwezi kuchanganya mafuta na hewa basi tuiachie hewa yenyewe ichanganye. Prosper L'Orange alipokuwa Benz, Ujerumani, alichukua hataza yake mwaka 1909 ya chemba ya awali: kachumba kadogo kamebeba kama theluthi ya hewa iliyobanwa, mafuta yanaingia mle, yanaanza kuungua kwa shida shida kwa sababu hewa haiyatoshi, presha inapanda, halafu yanatoka kwa kishindo kupitia tundu jembamba kwenda kumalizikia kwenye hewa iliyobaki juu ya pistoni. Ule mlipuko mdogo ndio unaofanya kazi ya kusaga ambayo nozeli iliishindwa. Ndio maana trekta la Benz-Sendling la miaka ya mwanzo ya 1920 liliweza kuwa la dizeli wakati wengine wengi bado wako na mafuta ya taa, na ndio maana Caterpillar walipoingia kwenye dizeli mwaka 1931 walitumia chemba ya awali na wakakaa nayo miaka mingi mno. Ile chemba yao unaifungua kwa spana inatoka nzima nzima kwenye hedi, na nozeli yake haina makuu, hata mafuta yakiwa machafu kidogo inavumilia.

Ila kuna bei yake. Ule moto unapopita kwenye tundu jembamba unaacha joto jingi kwenye chuma, chuma kinapeleka kwenye maji, maji yanapeleka kwenye rejeta, yaani unalipia dizeli ya kupasha rejeta. Kawaida injini ya kachumba inakunywa kama asilimia 10 mpaka 15 zaidi ya ile inayopuliza moja kwa moja kwa kazi ile ile. Na asubuhi ndio balaa, hewa ikibanwa inagusana na chuma baridi kila upande, joto linaibiwa kabla mafuta hayajafika. Hivyo ni lazima upate msaada. Caterpillar wao waliweka kainjini kadogo ka petroli pembeni, kanawashwa kwanza, moshi wake unapitishwa kupasha hewa inayoingia kwenye injini kubwa, halafu ndio kanaizungusha mpaka ipate joto. International Harvester, kuanzia trekta lao la WD-40 katikati ya miaka ya 1930, walifanya kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria nacheka, injini hiyo hiyo ya dizeli ina kabureta, ina magneto, ina plagi, na kila silinda ina valvu ya ziada inayofungua chumba kingine ili kompresheni, ule ubanaji wa hewa, ishuke, unawasha kwa petroli kama gari la kawaida, unaiacha izunguke ipate joto, halafu valvu inafungwa, kompresheni inapanda, pampu inaanza kupuliza na hapo ghafla ni dizeli. Injini mbili kwenye bloki moja! Hedi zake zinapasuka sana hizo, vyumba vingi mno na joto mbili tofauti, ila akili iliyotumika mi naivulia kofia.

Halafu kuna ya Ricardo, na hapa naomba mnivumilie nitakaa kidogo maana ndiyo iliyonifundisha adabu. Harry Ricardo wa Uingereza alitoa chemba yake ya kuzungusha hewa aliyoiita Comet mwaka 1931, mwanzo kwa mabasi ya AEC, baadae ikasambaa kila kona mpaka kwenye injini ndogo kabisa za matrekta. Hii sio chemba ya awali ingawa watu wanazichanganya. Hii ni ya duara kama mpira, imebeba karibu nusu ya hewa yote, na njia yake ya kuingilia imekaa kimshazari, kwa hiyo pistoni ikipanda hewa inasukumwa mle ndani inazunguka kwa kasi kama maji kwenye ndoo uliyoikoroga. Nozeli inapuliza kwenye huo mzunguko. Nusu ya chini ya huo mpira sio hedi yenyewe, ni kipande cha chuma kinachovumilia moto, kimechomekwa kikiwa na mwanya mdogo pembeni ili kisipoteze joto, makusudi kibaki cha moto sana. Na juu ya pistoni kuna vibonde viwili vifupi vimekaa kama namba nane iliyolala, moto ukitoka unapigwa pale unagawanyika kushoto na kulia unaenda kuitafuta hewa iliyobaki. Kila kitu mle kinaelekezana, njia inaangalia vibonde, vibonde vinaisubiri njia.

Sasa sikia. Nikiwa bado kijana kwenye ufundi niliteremsha hedi ya injini ya namna hiyo, gasketi ilikuwa imeungua. Nikavitoa vile vipande vya chini, nikapeleka hedi kuskimu, yaani kusawazishwa uso wake, nikarudisha vipande kwa kuvigonga na shaba, nikafunga, injini ikawaka. Mwenye trekta kafurahi kaenda. Siku ya tatu karudi, linatoa moshi mweusi na halina nguvu mlimani. Nikabadilisha nozeli. Moshi. Nikapeleka pampu kwa fundi pampu, kapima kasema haina kitu. Moshi. Nikaweka seti nyingine ya nozeli, mpya kabisa, moshi uko pale pale unanicheka. Ndipo mzee niliyekuwa najifunza kwake akaniambia, we kijana acha kununua vitu, legeza bomba la mafuta moja moja injini ikiwa inanguruma. La kwanza nikalegeza, injini ikayumba. La pili ikayumba. La nne ikayumba. La tatu nikalegeza, haikushtuka wala nini, na moshi ukakata.

Tukafungua hedi. Pistoni tatu zina alama ya moto imekaa vizuri ndani ya ile nane, rangi ya kijivu pande zote mbili sawasawa. Ya tatu ina ulimi wa masizi meusi tii umelala pembeni kabisa, mpaka ukingoni kwenye ukuta wa silinda, na ile nane yake ni safi kama haijawahi kuona moto. Kile kipande cha chini kilikuwa kimegeuka kama robo. Kina kapini kadogo ka kukizuia kisizunguke, kadogo kama punje ya mchele, mi nilikaona kwenye benchi wakati wa kufunga nikadhani ni uchafu wa mashine ya kuskimu nikakapuliza. Moto wa silinda ya tatu ulikuwa unapiga ukuta badala ya kupiga vibonde. Tungeendelea wiki mbili nyingine pistoni ingetoboka au ringi zingekwama. Nozeli seti mbili nilizonunua kwa hela yangu hazikuwa na kosa lolote.

Ndio maana nikisikia mtu anasema moshi ni nozeli, bila kuuliza, mwili unasisimka.

Tukija kwenye matrekta ambayo watu bado wanayo kwenye mashamba mpaka leo, Perkins, watengeneza injini wa Uingereza, ndio mahali ambapo mkanganyiko unakuwa mkubwa, na mwandishi wenu angalau angemuuliza yule bwana hapo. Injini za Perkins za herufi P, kina P3, P4, P6, ni za kachumba pembeni, wao waliita Aeroflow. P6 ilichomekwa mpaka kwenye Fordson Major za E27N. Halafu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaja na zinazopuliza moja kwa moja, ndizo tunaziita dairekti. Mfano mzuri ni Massey Ferguson 35, mwanzoni ilikuwa na injini ya Standard ya silinda nne, ya kachumba, asubuhi ya baridi inakutoa jasho, halafu karibu na 1960 ikapewa Perkins ya silinda tatu ya 152, dairekti, na watu wakaona kama muujiza, unabonyeza stata hata hujamaliza kupumua inanguruma. Trekta ni lile lile, bodi ile ile, rangi karibu ile ile, ndani ni vitu viwili tofauti kabisa. Massey Ferguson 65 nayo hivyo hivyo, za mwanzo zina injini ya 192 ya kachumba, za pili zina 203 ya dairekti.

Na hiyo 203 yenyewe ina mtego, kuna 4.203 na kuna D4.203 au AD4.203. Hizo namba ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, kipenyo inchi 3.6 na mwendo wa pistoni inchi 5, ukizidisha kwa silinda nne unapata hizo 203, ndio lita 3.3 hivi. Ile D ndio dairekti. Isiyo na D ni ya kachumba. Hedi tofauti, pistoni tofauti, nozeli tofauti, na mtu wa spea ukimwambia tu nipe vitu vya 203 atakupa alichonacho karibu na mkono. Herufi moja hiyo imeshaua injini nyingi.

Ya dairekti inafanya kazi kinyume. Hamna chumba kwenye hedi, hedi iko flati, chumba kimechimbwa juu ya pistoni kama bakuli, mara nyingi lina kilima kidogo katikati. Hewa inaanza kuzungushwa na umbo la njia ya kuingilia, lakini kazi kubwa ya kusaga mafuta ni ya pampu na nozeli. Kwa hiyo nozeli yake ina matundu kadhaa, madogo kuliko nusu milimita, kila tundu limeelekezwa kwenye ukuta wa bakuli, na presha ya kufungulia mara nyingi iko kati ya bar 170 na 220. Ile ya kachumba nozeli yake ina tundu moja na kasindano kanakotokeza katikati, kanajisafisha chenyewe kila kikipiga, na presha yake ni kama 100 mpaka 140 basi. Sasa mwandishi wenu anaposema ongeza presha, aongeze kutoka ngapi kwenda ngapi? Ukiipandisha ya kachumba ikafika presha ya dairekti hupati faida yoyote, mafuta yanachelewa kuingia, kugonga kunazidi, pampu inaumia. Ukiiweka ya dairekti kwenye presha ya chini inakojoa badala ya kupuliza, mafuta yanaanguka kwenye pistoni, pistoni inaungua tundu.

Fordson walipotoa Major mpya mwaka 1952, dairekti ya lita 3.6, ndio walioonyesha kwamba dizeli ya shamba inaweza kuwaka kirahisi bila mbwembwe. Baada ya hapo wengine mmoja mmoja wakafuata. Wajerumani wa MAN wao walikuja na lao la miaka ya 1950, bakuli la pistoni ni la duara kama mpira na mafuta yanapulizwa makusudi kwenye ukuta wake yawe utando halafu yaungue taratibu, injini ikawa haina ule mgongano wa chuma kwa chuma, inanong'ona tu. Wamarekani wengine, kama Case na Allis-Chalmers, walijaribu njia ya Lanova, nozeli upande huu, kikombe kidogo upande wa pili, unapuliza ukivuka katikati mpaka mafuta mengine yaingie kwenye kikombe, yakiungua mle yanarudi kwa kishindo na kuvuruga kila kitu. Inafanya kazi, ila kile kikombe kikijaa masizi utaisoma namba, na watu wengi hata hawajui kwamba kipo.

Lanz Bulldog, lile trekta la Kijerumani, sijui niiweke wapi maana hiyo sio dizeli kamili. Silinda moja, kubwa, zile kubwa zina zaidi ya lita 10 kwenye pistoni moja tu, na mbele ina kichwa cha chuma unachokichoma na taa ya moto mpaka kiwe chekundu ndipo iwake. Ilikuwa inakunywa karibu mafuta yoyote yale, na ukiizubaisha inaweza kugeuza mzunguko ikaenda kinyume nyume, na zile za mwanzo kweli ndivyo zilivyokuwa zinarudi nyuma. Na Field Marshall ya Waingereza, silinda moja nayo, unachomeka karatasi inayofuka moto kwenye hedi na ukitaka unaiwasha kwa risasi ya baruti kabisa, unapiga nyundo, pwaa, inanguruma. Hizo nimezitaja kwa mapenzi tu.

Turudi kwenye etha kama nilivyoahidi. Injini ya kachumba nyingi zina hita plagi, nyaya zinazowaka mle ndani ya chemba. Injini za dairekti kama zile za 152 zina kitu kingine kwenye bomba la hewa, Thermostart, waya unaopata moto unafungua valvu, dizeli kidogo inadondoka, inawaka palepale ndani ya bomba na kupasha hewa inayoingia. Yaani ni moto wa kweli, uko wazi, kwenye njia ya hewa. Halafu mtu wenu anashauri msomaji apulizie etha kwenye hiyo hiyo njia. Bomba la hewa linapasuka, au ringi zinavunjika, au mkono uliokuwa umeshika kopo ndio unaopata habari kwanza. Kama kuna kipasha moto cha aina yoyote kwenye injini, etha hapana. Na injini iliyozoeshwa etha baadae haitaki kuwaka bila hiyo, kwa sababu ugonjwa halisi hukuutibu na ringi ulishaziumiza.

Sasa huyo bwana wa moshi mweupe, naomba mumfikishie hivi. Moshi mweupe asubuhi unaoisha injini ikipata moto ni dizeli inayotoka bila kuungua, silinda haijapata joto la kutosha. Aende kwenye bloki asome namba. Kama ni ya kachumba, asiguse nozeli, aanze na hita plagi. Kwenye injini nyingi za zamani, hasa za Kijerumani, zile plagi zimefungwa kwa mnyororo, umeme unapita ya kwanza ndio ufike ya pili, na kwenye dashibodi kuna kawaya kanakoiva kakakuonyesha. Moja ikikatika zote zinalala na kale kawaya hakaivi. Achukue waya mfupi aziruke moja moja mpaka kawaya kaive, ile aliyoiruka ndio mbovu, hiyo ni kazi ya dakika 10 na haihitaji kununua kitu kabla ya kujua. Aangalie na betri, maana stata ikizunguka kivivu hewa haibanwi haraka na joto linatorokea kwenye chuma.

Kama ni dairekti yenye Thermostart, aangalie kale kabomba kembamba ka mafuta kanakoingia pale, mara nyingi mtu alishakaziba zamani kwa sababu kalikuwa kanavuja, waya unapata moto lakini hakuna cha kuwasha.

Na kama vyote hivyo viko sawa na bado moshi, basi aniandikie kupitia kwenu aniambie namba ya injini kamili na herufi zake zote, na aseme hedi ilishawahi kufunguliwa na nani, maana hapo nitaanza kuuliza habari za kompresheni, taimingi ya pampu, na kapini kadogo kama punje ya mchele.

Ni mimi,
Fundi matrekta mstaafu, msomaji wenu wa siku nyingi